Usidanganywe na Jua la Aprili: Vidokezo vya Bustani kwa Walioko Minnesota

Nyumbani mtu hupanda akiangalia mvua. Minneapolis unaangalia jalidi, yaani ule umande unaoganda usiku, ukiamka asubuhi unakuta nyanya zimelala nyeusi kana kwamba zimemwagiwa maji ya moto. Kwa kawaida jalidi ya mwisho huwa imepita ifikapo katikati ya Mei, na Oktoba inapoanza iko njiani kurudi. Muda wako ni miezi mitano isiyotimia, kwa hiyo kazi inaanzia ndani ya nyumba.

1. Hesabu kwa kurudi nyuma. Nyanya husiwa ndani wiki sita hadi nane kabla ya kutolewa nje. Ukikusudia kuzihamishia bustanini mwisho wa Mei, sia kati ya mwisho wa Machi na katikati ya Aprili. Wenye haraka husia Februari, wakaishia na miche mirefu, myembamba, isiyoweza kusimama yenyewe. Pilipili na bilinganya ndizo za kutangulia kidogo, maana hukua polepole. Bamia, matango na maboga subiri udongo upate joto uzisie moja kwa moja shambani, kwani hazipendi kuguswa mizizi.

2. Dirisha peke yake halitoshi. Taa ya kawaida ya tyubu, ile ya kuning'iniza gereji, inafaa kabisa. Hizo za rangi ya zambarau waachie wenye hela za kuchezea. Iweke sentimita 5 hadi 10 juu ya miche na uipandishe kadiri miche inavyorefuka. Iwake saa 14 hadi 16, kisha uizime usiku.

3. Jihadhari na kinyausi. Jioni mche mzima, asubuhi umeanguka, shina limesinyaa pale linapotokea udongoni. Huo ni ukungu, na mche ukishaanguka haunyanyuki tena. Dawa ni kuzuia: usichote udongo wa nje, nunua ule wa kuoteshea. Vikopo vya mtindi vinafaa ukivisafisha vizuri na kuvitoboa chini. Weka maji kwenye trei, udongo uyanywe kwa chini, kisha umwage yaliyobaki. Feni ndogo ikipuliza taratibu inakausha uso wa udongo na kuimarisha mashina kwa mpigo mmoja.

4. Aprili si ya kukaa bure. Sukuma wiki, spinachi, njegere, figili na vitunguu vinastahimili baridi. Sia mara udongo unapoacha kuwa tope. Mbegu ya sukuma wiki utaipata kwenye pakiti iliyoandikwa collards. Usiing'oe Oktoba, kwani ikipigwa na jalidi kidogo huwa tamu zaidi.

5. Pima udongo kabla ya kupanda jijini. Marekani ilipiga marufuku rangi za nyumba zenye risasi mwaka 1978, lakini nyumba za zamani bado zimesimama, na mabaki ya rangi zao yamekuwa yakidondoka chini ya kuta kwa miaka mingi. Maabara ya udongo ya University of Minnesota inapokea sampuli za wananchi kwa ada. Omba kipimo cha risasi. Majibu yakiwa mabaya, tengeneza tuta la mbao, ulijaze udongo na mboji ya kununua.

6. Zoesha miche kabla ya kuihamisha. Majani yaliyokulia chini ya taa hayajawahi kuona jua wala upepo, na jua la Mei linayababua hadi yanapauka. Siku ya kwanza weka kivulini saa moja au mbili, urudishe ndani. Ongeza muda kila siku kwa siku saba hadi kumi.

7. Sasa nyanya zitoke. Usiku usishuke chini ya nyuzi 10 za Selsiasi, na udongo ufike 15. Wakulima wengi wa huku hungoja Memorial Day, Jumatatu ya mwisho ya Mei, na wako sahihi: nyanya iliyopandwa kwenye udongo baridi hudumaa, ikapitwa na iliyokuja wiki mbili baadaye. Ng'oa majani ya chini, zika shina mpaka karibu na majani ya juu. Sehemu iliyozikwa itatoa mizizi mipya.

8. Jua kama nyanya yako ni fupi au ndefu. Fupi, za jamii ya Roma, Cal J na Tanya, huzaa karibu kwa pamoja. Zinafaa kwa anayetaka kuchemsha rojo na kugandisha. Ndefu, kama Moneymaker, hurefuka hadi jalidi izikatishe. Zinataka miti imara ya kuegemea na kupogolewa machipukizi ya kwapani. Zile fupi usizipogoe, utakuwa unakata matunda yako.

9. Maji yawe na utaratibu. Tunda likioza kitako, watu hukimbilia kuzika maganda ya mayai. Hayasaidii msimu huu, huchukua muda mrefu mno kuoza. Mara nyingi kalsiamu ya kutosha imo udongoni. Kinachokosekana ni maji ya kuifikisha kwenye tunda, kwa sababu leo umemwagilia sana na wiki nzima umesahau. Mwagilia kwa kina, chini ya mmea, na utandaze nyasi kavu.

10. Mchicha ndiyo, mbaazi hapana. Mchicha unapenda joto; sia mwanzoni mwa Juni, na baada ya wiki nne au tano unachuma. (Ndugu zake wa porini ni magugu sugu ya mashamba ya mahindi ya hapa, kwa hiyo usiwe na hofu na hali ya hewa.) Mbaazi za kwetu zinazochelewa kukomaa hungoja siku ziwe fupi ndipo zitoe maua, na huku siku zinapofupika jalidi nayo imefika. Utapata kichaka kizuri cha kupiga picha. Na mbegu usizifiche kwenye sanduku ukitoka likizo Dar au Mombasa: Marekani inadai cheti cha afya ya mimea, na usipotangaza uwanja wa ndege unaweza kutozwa faini. Mchicha, kunde na bamia zinauzwa na kampuni za mbegu za hapa hapa. Agiza Januari, kabla hazijaisha.