Kipimo cha Mifupa kwa Dawa ya Mionzi: Yale Mgonjwa Anafaa Kujua

Mgonjwa wa saratani ya matiti au ya tezi dume huenda akatumwa na daktari wake hospitali ya rufaa kupigwa picha ya mifupa yote ya mwili. Kipimo hiki si sawa na eksirei. Eksirei huonyesha umbo la mfupa, ilhali kipimo hiki huonyesha mabadiliko yanayoendelea ndani ya mfupa, na mara nyingi huyagundua mapema zaidi.

Kinavyofanya kazi

Mgonjwa hudungwa sindano kwenye mshipa wa mkono. Dawa hiyo ina teknisiamu-99m, ambayo hutoa mionzi kidogo, ikiwa imeunganishwa na kemikali inayovutwa na mifupa. Hujikusanya zaidi mahali ambapo mfupa unajijenga upya kwa kasi. Baada ya saa 2 hadi 4, kamera maalum hunasa mionzi hiyo na kutoa picha.

Si kila alama kwenye picha ni saratani. Mfupa uliowahi kuvunjika, ugonjwa wa viungo au maambukizi pia huacha alama. Kwa hivyo, mgonjwa amweleze mhudumu kuhusu ajali, kuanguka au upasuaji wowote, na abebe picha za awali.

Kwa nini asichelewe

Nguvu ya teknisiamu-99m hupungua kwa nusu kila baada ya saa 6. Dozi hutayarishwa kwa ajili ya siku ya miadi na haiwezi kuwekwa hadi kesho yake. Anayetoka mbali ni heri asafiri siku moja mapema. Asiyeweza kufika aijulishe hospitali kabla ya siku hiyo.

Matayarisho

• Kwa kawaida si lazima kufunga kula. Dawa za kila siku ziendelee, isipokuwa daktari aseme vinginevyo.
• Mwanamke mjamzito, anayeshuku ana mimba au anayenyonyesha aseme kabla ya kudungwa sindano.
• Baada ya sindano, mgonjwa anywe maji kwa wingi na kwenda haja ndogo mara kwa mara. Mwenye ugonjwa wa figo au moyo aulize kwanza kiasi cha maji kinachomfaa.
• Kabla ya picha, aende haja ndogo tena, kwani mkojo wenye dawa huficha mifupa ya nyonga. Avue mkufu, mshipi na vitu vingine vya chuma.
• Alale bila kutikisika kwa dakika 30 hadi 60. Kamera haiumizi.

Baada ya kipimo

Sehemu kubwa ya dawa hutoka kwa mkojo, na mionzi iliyosalia huwa imepungua sana baada ya saa 24. Siku hiyo, mgonjwa aendelee kunywa maji, anawe mikono vizuri kila atokapo chooni, na asikae kwa muda mrefu karibu sana na watoto wadogo au wajawazito. Majibu hutumwa kwa daktari aliyemtuma, naye ndiye atakayemfafanulia maana yake na hatua inayofuata.