TREKTA ILIYOANGUKA MLIMANI: KWANZA IFUNGE, NDIPO UIVUTE



Somo la mwezi huu linaweza kuwashangaza wengine, kwa sababu tumezoea kusoma hapa habari za ndoa, malezi na akiba. Lakini vijana wetu wengi hapa Bujumbura wanaishi kwa kibarua, na kibarua kimoja kinachoonekana kulipa vizuri kwa siku moja ni kile cha kuvuta kamyo au trekta iliyoanguka mlimani. Kazi hiyo huja ghafla na haina maandishi. Wanaoitwa kwanza ni wale ambao hawana kazi nyingine, maana yake ni sisi wakimbizi. Kwa hiyo nimeona vema tujifunze.

Mji wetu uko kando ya ziwa, kwenye kimo cha mita 800 hivi. Ukishika barabara ya kwenda Bugarama, katika kilomita 35 tu unafika zaidi ya mita 2,200. Matrekta ni ya tambarare ya Imbo, kwenye mashamba ya mpunga. Lakini mtu akijenga huko juu, hupandisha trekta yenye trela ya mawe au matofali kwenye njia ambayo kamyo haiwezi kupita. Mvua ikinyesha, udongo unateleza, na trekta inakwenda bondeni.

JAMBO TULILOLIONA

Miaka kadhaa iliyopita, mwezi wa tatu, mvua ikiwa nyingi, trekta moja ilitoka njiani kwenye mteremko ulio juu ya mji. Dereva aliruka, akapona. Trekta ilisimama katikati ya mteremko, imezuiwa na kisiki kimoja. Mwenye mali alitaka itoke siku ile ile. Waliitwa watu kama arobaini, na ndani yao vijana sita wa kwetu. Walifunga kamba ya chuma iliyochakaa, wakapanga mstari juu ya trekta, wakaanza kuvuta kwa wimbo. Trekta ilipanda kama mita mbili, ikaacha kile kisiki. Hapo kamba ikakatika. Ncha yake ilimpiga kijana mmoja mguuni, mfupa ukavunjika mara mbili. Trekta nayo ikashuka mita ishirini zaidi hadi korongoni. Mwenye mali alisema hakumlazimisha mtu, na gharama ya hospitali tuliichanga sisi. Kijana yule anatembea, lakini anachechemea mpaka leo.

Mwezi wa sita, udongo ulipokauka, alikuja fundi mmoja mzee na watu sita. Walifanya kazi siku mbili, wakaitoa trekta bila mtu kukwaruzwa. Nilikwenda kuwatazama siku zote mbili, nikamwuliza maswali mengi. Yafuatayo ni yale niliyojifunza kwake, pamoja na niliyoyatafuta baadaye.

1. JUA UNAVUTA NINI

Trekta ya kawaida ya nguvu farasi 70 au 80 ina uzito wa tani 2.5 hadi 3.5. Tuseme ni tani 3. Kama mlima ni mkali kiasi kwamba ukitembea mita 2 unapanda mita 1, basi nusu ya uzito wote inavuta kwenda chini. Maana yake, kuishika tu isishuke unahitaji nguvu ya tani 1.5. Ongeza matope na magurudumu yaliyozama, na hesabu inaweza kupita tani 2.

Sasa mtu mmoja anayesimama kwenye utelezi huvuta kama kilo 20 au 30, na si kwa muda mrefu. Watu arobaini hawafiki hata ile nguvu ya kuishika. Wimbo hauongezi tani. Wakiteleza wawili, mzigo wote unawaangukia waliobaki.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kupunguza uzito. Ondoa trela, jembe na mawe. Wakulima wengine hujaza maji ndani ya matairi ya nyuma ili trekta ishike ardhi. Maji hayo yatolewe, maana ni kilo mia kadhaa.

2. KWANZA IFUNGE

Hili ndilo somo lenyewe. Trekta iliyosimama mteremkoni haijasimama. Imezuiwa na kitu, na kitu hicho kinaweza kuachia. Yule fundi hakuivuta siku ya kwanza hata sentimita moja. Aliifunga kwa minyororo miwili kwenye nguzo mbili tofauti juu yake, akaweka kabari za miti chini ya kila gurudumu. Alipoanza kuvuta, minyororo ilifupishwa kila baada ya hatua, na kabari zilisogezwa kwa mti mrefu, si kwa mkono. Kamba ya kuvutia ingekatika wakati wowote, trekta ingeshuka nusu mita tu.

Hakuna mtu aliyesimama chini ya trekta. Hakuna aliyekaa kwenye usukani. Usukani ulifungwa kwa kamba.

3. MAHALI PA KUFUNGA

Nguvu yote inaishia pale ulipofunga. Mgomba si mti wa kufungia; hata mtoto anaung'oa. Mti mkubwa wenye mizizi mirefu unafaa, lakini ufungwe chini kabisa karibu na ardhi, na uvishwe magunia ili kamba isikate ganda.

Kama hakuna mti, zika gogo. Chukua gogo gumu la mita 2 hivi, chimba shimo la mita moja na nusu, lilaze likikingama na upande wa kuvutia, toa kamba kupitia mfereji mwembamba, kisha shindilia udongo juu yake. Lakini udongo uliolowa haushiki. Tunakumbuka usiku wa kuamkia tarehe 10 Februari 2014, jinsi maji na matope vilivyoshuka kutoka milima hii hii hadi Kamenge na Kinama, vikaua watu wengi. Kama mlima wenyewe unatembea, gogo lako litatembea nalo. Subiri kiangazi. Trekta haiozi kwa miezi mitatu.

4. KAMBA, KAPI NA WINCHI YA MKONO

Fundi alitumia ile winchi ya mkono ambayo hapa kwetu wote huiita Tirfor. Iko ya kilo 800, ya 1,600 na ya 3,200. Yake ilikuwa ya 1,600, ambayo peke yake isingetosha. Alifunga kapi kwenye trekta. Kamba ikatoka kwenye winchi iliyo juu, ikashuka hadi kwenye kapi, ikarudi kufungwa juu. Kwa njia hiyo nguvu inakaribia kuwa mara mbili, na mwendo unakuwa nusu. Unapata nguvu kwa kulipa muda.

Kwenye mpini wa winchi hiyo kuna pini ndogo zinazokatika mzigo ukizidi. Zimewekwa ili zikatike zenyewe kabla kamba haijakatika. Wengine huweka msumari mahali pake, au huchomeka bomba kwenye mpini ili wapate nguvu zaidi. Ukiona hivyo, ondoka mahali hapo. Pini ikikatika, inakuambia hesabu yako ni mbaya.

Kamba ya chuma yenye nyuzi zilizokatika, kutu au mikunjo isitumike. Ikiwa imekaza, usiiruke, usiishike, usisimame sambamba nayo. Weka gunia zito lililolowa katikati yake, ili ikikatika isipae. Wote wasiovuta wakae mbali kuliko urefu wa kamba yenyewe. Kamba ya nailoni ndiyo hatari zaidi kwa kazi hii, maana hunyooka kama mpira na kurudi kwa ghafla.

Tena, funga kwenye chuma cha chini cha kukokotea au kwenye ekseli, usifunge juu. Ukivuta kutoka mahali pa juu, unaipindua.

5. USIJARIBU KUITOA KWA INJINI YAKE

Mara nyingi dereva husema, “Nifungieni gogo kwenye magurudumu ya nyuma, nitapanda mwenyewe.” Asikubaliwe. Magurudumu yakizuiwa yasizunguke, nguvu ya injini hugeuka na kuinua trekta yenyewe mbele, ikaanguka chali juu ya dereva. Inachukua sekunde moja na nusu hivi, na hakuna anayewahi kuruka. Ni kwa sababu ya vifo vya namna hii nchi ya Sweden, tangu 1959, ilidai kila trekta mpya iwe na fremu ya chuma ya kumlinda dereva. Matrekta mengi ya kwetu ni ya zamani na hayana.

Pia uliza: ni lazima ipande? Kama kuna njia chini, kuiteremsha polepole ikiwa imefungwa kunaweza kuwa rahisi kuliko kuipandisha. Na mahali pasipo na njia kabisa, fundi huifungua vipande vipande.

6. IKISIMAMA, USIWASHE

Trekta iliyolala ubavu au chali huingiza oili ndani ya silinda. Ukiiwasha, pistoni inagonga oili, na chuma kinapinda. Toa waya wa betri, fungua nozeli, zungusha injini kwa mkono mpaka oili itoke, badilisha oili na uangalie maji. Wengi wameokoa trekta mlimani wakaiua uwanjani.

MFANO KUTOKA NG'AMBO YA ZIWA

Mwaka 1915, wakati wa vita kuu ya kwanza, Wajerumani walitawala Ziwa Tanganyika kwa meli zao, na mji wetu, ulioitwa Usumbura, ulikuwa mikononi mwao. Waingereza walileta mashua mbili za injini, Mimi na Toutou, kila moja ya mita 12 hivi, chini ya Geoffrey Spicer-Simson. Zilisafiri kwa reli kutoka Cape Town hadi Fungurume, Katanga. Kutoka hapo hapakuwa na reli, bali milima ya Mitumba. Zilivutwa na matrekta mawili ya mvuke. Njia ilikuwa ya kilomita 240 hivi hadi Sankisia, nao walitumia wiki sita, kuanzia mwezi wa nane hadi mwisho wa mwezi wa tisa. Hiyo ni kama kilomita 6 kwa siku.

Matrekta yalizama, madaraja ya magogo yalilemewa. Mahali ambapo mvuke haukutosha waliongeza ng'ombe, kamba na kapi. Lakini kabla ya kuvuta, mamia ya Wakongo walikuwa wamekwisha kukata njia na kujenga madaraja zaidi ya 100. Wanawake walibeba maji ya kunywesha zile injini. Mashua zilifika ziwani, na tarehe 26 Desemba 1915 ziliteka meli ya Wajerumani, Kingani. Vitabu vinataja majina ya maofisa. Majina ya waliokata miti na kubeba maji ni nadra kuyakuta.

NENO KWA KIJANA WA KIBARUA

Sheria ya Musa, katika Kumbukumbu la Torati 22:4, inatutaka tumsaidie ndugu kumwinua mnyama wake aliyeanguka njiani. Kusaidia ni vema. Lakini kusaidia si kuwekwa chini ya mzigo wa mtu ambaye hatakujua kesho. Kabla hujashika kamba, uliza mambo manne:

– Je, trekta imefungwa mbali na ile kamba ya kuvutia?
– Nani anaongoza? Awe mmoja tu, na kila mtu aruhusiwe kusema “simama”.
– Mimi nitasimama wapi kamba ikikatika?
– Nikiumia, nani atalipa hospitali? Jibu litolewe mbele ya mashahidi, kabla ya kazi.

Kama hakuna jibu, rudi nyumbani. Utalala na njaa siku moja, lakini utalala na miguu yako miwili.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA VIKUNDI

1. Kwa nini watu arobaini walishindwa, na watu saba wakaweza?
2. Ni kazi gani nyingine hapa kwetu ambazo watu huvuta kabla ya kufunga?
3. Mtu wetu akiumia kwenye kibarua, kikundi chetu kimejiandaa namna gani?

Somo hili lisomwe kwa sauti mbele ya vijana, na wale wasiojua kusoma waelezwe polepole. Amani iwe kwenu.