Nani Hulipa Meli Ikizama?

Meli ikizama, hasara haikomi hapo. Mabaki yake huweza kuziba njia, mafuta huvuja, na kuyaondoa huenda kukazidi bei ya meli yenyewe. Nani alipe? Mkataba uliofanywa Nairobi mwaka 2007, ukaanza kutumika 2015, wamtaja mwenye meli. Kwa nchi zilizoukubali, meli ya tani 300 au zaidi sharti iwe na bima, na serikali yaweza kumdai mwenye bima moja kwa moja.

Lakini wenzetu wa Geita, mnaokaa kando ya ziwa, angalieni: mkataba huo wahusu meli za baharini tu. M.V. Bukoba, iliyozama karibu na Mwanza tarehe 21 Mei 1996 na mamia ya abiria, ilikuwa ya ziwani. Usingaliigusa hata kama ungalikuwapo.