Kalenda mbili: ya shamba letu na ya jamaa ya gorila

 Katika somo la leo hatutaongea juu ya mbolea wala kuchagua mbegu. Tutaongea juu ya jirani mmoja ambaye wengi wetu hatujawahi kumuona kwa macho, lakini wenye mashamba karibu na pori wanaona nyayo zake: gorila.

Gorila wa kwetu anaitwa na wataalamu gorila wa Grauer. Ni yeye mkubwa kuliko gorila wote. Dume mzima anaweza kufikia kilo 200. Na duniani kote anaishi katika inchi moja tu, Kongo yetu, upande huu wa mashariki. Walikale iko katikati ya eneo lake: kuna sehemu ya chini ya Parke ya Kahuzi-Biega, kuna pori la Nkuba, na upande wa kaskazini kuna Tayna na Maiko. Masisi, pori kubwa lilikwisha kuwa malisho ya ng'ombe na mashamba ya maharagi, kwa hiyo watu wa huko watasoma somo hili kama habari ya jirani.

Swali tunalosikia mara kwa mara ni hili: "Huyu nyama anatoka wapi, na juu ya nini anakuja mwezi fulani, kisha anapotea?" Jibu ni kwamba naye ana kalenda yake, sawa na vile sisi tuko na msimu A na msimu B.

Jamaa ya gorila inaongozwa na dume mzima mwenye mgongo wa rangi ya fedha. Kuko wamama kadhaa, vijana na watoto. Asubuhi wanaamuka kwenye viota walivyotengeneza jana kwa majani na matawi, wanakula, wanasogea kidogo, wanakula tena. Saa sita mchana wanapumzika, watoto wanacheza juu ya tumbo la baba. Alasiri wanatembea tena, na jioni kila mukubwa anajenga kiota kipya. Hawarudi kulala mahali pa jana. Ni mwendo wa polepole: kule milimani mara nyingi hata kilomita moja na nusu haijafika kwa siku. Mama mwenye mtoto mgongoni hawezi kukimbia, na kushibisha tumbo kubwa vile kwa majani kunachukua saa nyingi.

Sasa majira. Katika milima ya Kahuzi, ambako gorila wamefuatwa na watafiti kwa miaka mingi, mambo yanajulikana muzuri. Mvua inaporudi mwezi wa tisa, mianzi inatoa machipukizi, na jamaa nyingi zinapanda huko. Wanakaa kwenye mianzi wiki kwa wiki, mpaka machipukizi yanakomaa na kuwa magumu. Kisha wanashuka kwenye majani, miti michanga na maganda ya miti. Wakati wa kiangazi, mwezi wa sita mpaka wa nane, matunda mengi yanaiva, na hapo wanatembea mbali zaidi, juu mti wenye matunda hauko karibu na mwenzake. Katika pori la chini la Walikale mianzi hakuna. Kule matunda ndiyo yanawavuta zaidi, na wanachanganya na majani na hata sisimizi. Mti ukiiva upande wa mto, wanaenda upande wa mto. Ukikosa, wanahamia.

Tazameni hapo, ndipo kalenda zetu mbili zinagongana. Kama mwenye shamba amekata pori mpaka kwenye njia yao na kupanda ndizi, jamaa itafika kwa wakati wake wa kila siku na itakuta chakula kipya. Gorila hatafuti mkungu peke yake. Anapasua mgomba na kula moyo wake mweupe ulio laini. Shamba la mwaka mzima linaweza kuharibika kwa asubuhi moja. Hatuwezi kumuambia mama aliyepoteza migomba yake kwamba hilo ni jambo dogo. Si dogo hata kidogo.

Lakini tufanye hesabu ya mfugaji. Mbuzi anabeba mimba miezi mitano, na ndani ya miaka miwili anaweza kukuzalia watoto wengi. Gorila anabeba miezi nane na nusu, anazaa mtoto mmoja, na anangoja karibu miaka minne kabla ya kuzaa tena. Anaanza kuzaa akiwa na miaka karibu kumi. Maisha yake yote yanaweza kumpa watoto watano au sita, na si wote wanakua. Mfugaji akiuza mbuzi jike mmoja, kundi linarudi upesi. Jamaa ya gorila ikipoteza jike mmoja, pengo lake linakaa miaka mingi. Ndiyo maana hesabu zilianguka vile: miaka ya 1990 walikadiriwa kuwa karibu 17,000, mwaka 2016 watafiti walihesabu kama 3,800, hesabu mpya ya mwaka 2021, yenye njia nyingine ya kuhesabu na maeneo zaidi, ilitoa 6,800. Vita, nyama ya pori inayouzwa kwa wachimba migodi, na kukata miti, hayo yote yako ndani.

Na mitego. Hapa tunaomba tusikilizane. Mtego wa waya uliokatwa kwenye breki ya kinga unawekwa kwa ajili ya swala mdogo au nguruwe wa pori. Lakini waya hauchagui. Mtoto wa gorila akiingiza mkono, waya unakaza kila anapovuta, mkono unavimba na kuoza. Baba akijaribu kumsaidia anakasirika, na mtu akitokea hapo kutafuta mtego wake anakutana na kilo 200 za hasira. Kumbukeni tena kwamba sheria namba 14/003 ya tarehe 11 Februari 2014 inalinda nyama wa aina hii, na kisingizio cha "sikutaka kumkamata yeye" hakimsaidii sana mtu mbele ya polisi.

Nini kinaweza kufanyika? Kwanza, msipande ndizi wala mahindi kwenye mstari wa mwisho karibu na pori. Karibu na Bwindi, Uganda, walipanda chai kwenye mpaka, kwa sababu gorila haili chai. Pia kuna vikundi vya wanakijiji vinavyoitwa HUGO vinavyorudisha gorila porini kwa utulivu, bila mishale wala mawe. Kwetu, pilipili inaweza kujaribiwa kwenye mstari huo kabla ya mtu kuhatarisha shamba lote. Ndizi zikae karibu na nyumba, penye watu na kelele.

Pili, mwenye kukohoa au mwenye homa asiingie pori siku hizo. Mafua yetu yanaweza kumuua gorila, na ya kwao yanaweza kutufikia. Mwenye haja kubwa porini achimbe shimo na kulifunika vizuri.

Tatu, mkikutana naye: msikimbie. Inamisheni macho, rudini nyuma polepole, mpeni nafasi ya kupita na watoto wake.

Tunaomba kila kooperative iliyo karibu na pori, kabla ya kufungua msimu A, ichore kalenda kwenye karatasi kubwa: mwezi gani matunda ya pori yanaiva, upande gani nyayo zilionekana, shamba la nani lilivamiwa. Wazee wanaotega na wamama wanaokata kuni ndio wanajua zaidi, waketi mbele. Agronomi wetu atapita mwezi wa nane kuziangalia, na mistari ya pilipili itapangwa kufuatana na hizo karatasi.