Ndege ya Mkubwa Hulipwa na Nani?

Ndugu wafanyakazi, tupige hesabu pamoja.

Novemba 2008, wakuu wa kampuni tatu za magari za Marekani, yaani General Motors, Ford na Chrysler, walitoka Detroit kwenda Washington kuiomba serikali mkopo wa dola bilioni 25. Kila mmoja alikwenda na ndege ya kampuni yake. Magazeti yalikadiria kuwa safari ya mmoja wao, kwenda na kurudi, iligharimu dola 20,000. Tiketi ya ndege ya abiria haikufika dola 1,000.

Kwa nini ghali hivyo? Mafuta, marubani, ada ya kutua na matengenezo havipungui kwa kuwa abiria ni wachache. Katika ndege ya abiria, wengi hugawana mzigo huo.

Mwaka ule kima cha chini cha mshahara cha taifa hilo kilikuwa dola 6.55 kwa saa. Dola 20,000 ni jasho la saa zaidi ya 3,000. Kwa saa 40 kwa wiki, ni karibu mwaka mmoja na nusu.

Wananchi walipiga kelele. Desemba wakuu hao walirudi Washington kwa magari.

Somo letu ni hili: mishahara na safari za wakubwa hutoka mfuko mmoja. Mwajiri akisema fedha hakuna, tuombe kwanza hesabu ya safari zake.