Msumeno wa Mnyororo kwa Mkulima wa Thika na Ruiru

Swali: Mkulima wa Ruiru mwenye mikaratusi kando ya shamba la kahawa anauliza ni msumeno wa mnyororo wa ukubwa gani utakaomfaa kuangusha miti na kukata kuni.

Jibu: Kinachopaswa kuangaliwa kwanza ni ujazo wa injini, yaani nafasi ambamo pistoni husogea, na kwa kazi hii sentimita za ujazo 45 hadi 55 zinatosha, kwa kuwa injini ndogo zaidi hulemewa na mkaratusi mkavu, ilhali kubwa zaidi humchosha mkataji kwa uzito wake. Thika, jirani ya Ruiru, iko takriban mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, ambako hewa ni nyepesi na injini hupoteza sehemu ya nguvu zake. Hivyo kabureta, kifaa kinachochanganya petroli na hewa, irekebishwe papo hapo eneo la kazi. Bamba la kuongozea mnyororo liwe la inchi 16 hadi 18. Msumeno usio na breki ya mnyororo, ambayo husimamisha meno mara bamba linaporuka kumwelekea mkataji, usinunuliwe hata ukiwa wa bei nafuu kiasi gani.