Nuru Katika Tembe

Tangu zamani Wagogo wa Nzuguni, katika nchi ya Dodoma, walijenga tembe: nyumba ndefu ya miti na udongo, yenye paa bapa la udongo. Tembe huwakinga watu na jua la mchana na baridi ya usiku. Lakini ndani mna giza, na mtoto asomaye humo huinamia sana kitabu chake.

Je, tembe ibomolewe? La. Kwanza, futeni masizi, mkapake kuta chokaa ndani. Ukuta mweupe hurudisha nuru. Ukuta mweusi huimeza. Pili, mwombeni baba atoboe dirisha upande wa mashariki. Asubuhi jua li chini, nalo huangaza mpaka ndani. Adhuhuri li juu ya paa, wala halitii joto dirishani. Lakini nguzo isikatwe kamwe! Paa la udongo ni zito mno, nalo likianguka huua.

Jaribio: Simamisha karatasi nyeupe kuelekea dirisha, kisha kitambaa cheusi. Chumba kilikuwa na nuru zaidi lini? Kwa nini?